Uigaji wa jeti katika maada ya nyuklia yenye joto kali

Uigaji wa jeti katika maada ya nyuklia yenye joto kali ni tawi la fizikia ya nyuklia na fizikia ya chembe linalotumia programu za kompyuta kufuatilia jinsi mafungu ya chembe zenye nishati kubwa, yanayoitwa jeti, yanavyobadilika yakipita ndani ya plazma ya kwaki na gluoni. Plazma hiyo hutokea kwa muda mfupi sana pale viini vizito vya atomu, kama vile vya dhahabu au vya risasi (metali), vinapogonganishwa kwa kasi inayokaribia ile ya nuru.

Uigaji huhitajika kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kuiona plazma yenyewe, wala jeti kabla haijaguswa na plazma. Vigunduzi hupokea mabaki tu, baada ya kila kitu kwisha. Kompyuta humwezesha mwanafizikia kujenga mgongano uleule mara mbili, mara ya kwanza bila plazma na mara ya pili pamoja nayo, kisha kulinganisha matokeo hayo na yale yaliyopimwa maabara.

Jeti ni nini

Protoni na nyutroni zimeundwa na kwaki zilizoshikamanishwa na gluoni. Kwaki na gluoni hubeba chaji ya rangi, ambayo haina uhusiano na rangi zinazoonekana kwa macho bali ni jina la chaji inayosababisha nguvu kali ya kiini. Kwaki haijawahi kuonekana ikiwa peke yake. Inaporushwa kwa nishati kubwa hutoa gluoni, gluoni hizo hutoa nyingine au hugawanyika kuwa kwaki na antikwaki, na mwishowe zote hujikusanya kuwa hadroni, kama vile pioni na protoni. Kundi hilo la hadroni, linaloelekea takriban upande mmoja, ndilo jeti.

Dalili za jeti zilionekana mwaka 1975 katika maabara ya SLAC huko Kalifornia, Marekani. Mwaka 1979 majaribio ya kichapuzi cha PETRA katika maabara ya DESY, Hamburg, Ujerumani, yalionyesha matukio yenye jeti tatu, na jeti ya tatu ikawa ushahidi wa kuwepo kwa gluoni.

Mara nyingi jeti huzaliwa mbili mbili zikielekea pande zinazopingana, na jumla ya momenta zao za pembeni, yaani zilizo wima kwa mstari wa mgongano, hukaribia sifuri. Ulinganifu huo una faida kubwa kwa watafiti: jeti moja ikionekana na nguvu zake zote huku mwenzake amedhoofika, ni ishara kwamba kuna kitu kilichomzuia njiani.

Maada yenye joto kali

Katika halijoto ya kawaida kwaki na gluoni hufungwa ndani ya hadroni. Hesabu za kompyuta zinaonyesha kwamba halijoto ikifika takriban trilioni 1.8 za kelvini, karibu mara 100,000 ya joto la kitovu cha Jua, vifungo hivyo hulegea na hadroni huyeyuka kuwa plazma ya kwaki na gluoni. Inaaminika kwamba ulimwengu wote ulikuwa katika hali hiyo katika mikrosekunde za kwanza baada ya mlipuko mkuu.

Maabara mbili zimekuwa zikiunda maada hii. Ya kwanza ni Brookhaven katika jimbo la New York, ambako kichapuzi cha RHIC chenye mzingo wa kilomita 3.8 kilianza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000. Ya pili ni CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako kichapuzi cha LHC chenye mzingo wa kilomita 27 kilianza kugonganisha viini vya risasi Novemba 2010.

Plazma inayopatikana ina upana wa takriban femtomita 10 (femtomita moja ni mita 10⁻¹⁵) na hudumu kwa muda wa takriban sekunde 3 × 10⁻²³. Hakuna boriti ya kutoka nje inayoweza kulengwa ndani ya kitu kidogo na cha muda mfupi namna hiyo. Kipimo pekee cha kupenya ni kile kinachozaliwa ndani ya mgongano wenyewe, na jeti ni mojawapo. Jeti huanza mwanzoni kabisa mwa mgongano, kabla plazma haijaundwa kikamilifu, kisha hulazimika kuivuka ili kufika kwenye kigunduzi.

Namna jeti inavyopoteza nishati

Kuna njia mbili kuu. Kwanza, kwaki au gluoni ya jeti hugonga chembe za plazma na kuzigawia sehemu ya nishati yake. Pili, kila inapogongwa huyumba, na kuyumba huko huifanya itoe gluoni za ziada ambazo isingezitoa katika ombwe. Kwa chembe zenye nishati kubwa njia ya pili ndiyo yenye uzito zaidi.

Utoaji wa gluoni hauwezi kuhesabiwa kama majumlisho ya kawaida ya migongano. Gluoni huhitaji muda ili itengane na chembe iliyoizaa. Migongano kadhaa ikitokea ndani ya muda huo, yote hufanya kazi kama mgongano mmoja, na idadi ya gluoni zinazotolewa hupungua. Jambo linalofanana na hilo lilielezwa kwa elektroni na Lev Landau na Isaak Pomeranchuk mwaka 1953, na Arkady Migdal mwaka 1956. Kutokana na athari hiyo, katika plazma isiyobadilika wastani wa nishati inayopotea huongezeka kwa mraba wa urefu wa njia: njia ikiwa ndefu mara mbili, hasara huwa mara nne.

Hasara hutegemea pia aina ya chembe. Chaji ya rangi ya gluoni ni kubwa kuliko ya kwaki, hivyo kinadharia gluoni hupoteza nishati zaidi kwa uwiano wa 9 kwa 4. Kwaki nzito hutoa gluoni chache kwenye pembe ndogo kuliko kwaki nyepesi.

Uwezo wa plazma wa kuyumbisha chembe hupimwa kwa kigezo kinachoandikwa q̂. Hicho ni wastani wa mraba wa momenta ya pembeni ambayo chembe hupata kwa kila femtomita inayosafiri. Kukipata kigezo hiki kutokana na vipimo ni moja ya malengo makuu ya uigaji wa jeti.

Historia

Mwaka 1982 James Bjorken wa maabara ya Fermilab, Marekani, alitoa hoja kwamba kwaki zenye nishati kubwa zingepoteza nishati nyingi ndani ya plazma, na kwamba huenda jeti moja ikatoka salama huku ya pili ikimezwa. Makadirio yake yalihusu migongano tu, bila gluoni zinazotolewa.

Katika miaka ya 1990 Miklos Gyulassy na Xin-Nian Wang walitengeneza HIJING, mojawapo ya programu za kwanza kuingiza jeti na upotevu wa nishati katika uigaji wa migongano ya viini vizito. Nadharia ya utoaji wa gluoni ilijengwa kati ya 1996 na 2002 na makundi kadhaa. Miongoni mwake ni Rolf Baier, Yuri Dokshitzer, Alfred Mueller, Stéphane Peigné na Dominique Schiff, Bronislav Zakharov, Gyulassy, Peter Levai na Ivan Vitev, na Peter Arnold, Guy Moore na Laurence Yaffe.

Ushahidi wa kwanza ulitoka RHIC. Mwaka 2002 timu ya PHENIX ilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba chembe zenye momenta kubwa katika migongano ya dhahabu zilikuwa chache kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2003 timu ya STAR ilionyesha kwamba katika migongano ya uso kwa uso dalili za jeti ya upande wa pili zilitoweka. Ili kuhakikisha kwamba chanzo ni plazma na si umbile la viini vyenyewe, mwaka huohuo deuteroni ziligonganishwa na dhahabu, mgongano ambao haukutarajiwa kuunda plazma kubwa. Upungufu huo haukuonekana.

Novemba 2010, wiki chache tu baada ya LHC kuanza kugonganisha risasi, timu ya ATLAS ilitangaza kuona jeti pacha zisizo na ulinganifu: moja yenye nguvu na nyingine iliyodhoofika sana. Timu ya CMS ilionyesha baadaye kwamba nishati iliyokosekana haikupotea, bali ilitawanyika kuwa chembe nyingi za momenta ndogo, mbali na mhimili wa jeti.

Hatua za uigaji

Fizikia ya jeti hufuata sheria za kwanta, kwa hiyo haiwezekani kutabiri jeti moja itaishia wapi. Kinachojulikana ni uwezekano wa kila tokeo. Programu hutumia mbinu ya Monte Carlo, iliyobuniwa Los Alamos katika miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam, John von Neumann na wenzao, na kupewa jina la mji wa Monaco unaojulikana kwa kamari. Kompyuta huchagua namba nasibu na kuamua kila hatua kwa kufuata uwezekano wake, kisha hurudia mgongano mamilioni ya mara.

Kwa kawaida uigaji kamili huwa na hatua zifuatazo:

1. Hali ya awali. Protoni na nyutroni hupangwa kinasibu ndani ya viini viwili (dhahabu ina 197 na risasi 208), kisha huhesabiwa zipi zitagongana.
2. Mgongano mgumu. Kwaki au gluoni mbili hugongana na kurushwa kwa nishati kubwa. Programu inayotumika sana hapa ni PYTHIA, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, chini ya Torbjörn Sjöstrand.
3. Mwenendo wa plazma. Plazma hupanuka na kupoa kama giligili yenye mnato mdogo sana. Programu kama MUSIC, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, hutoa halijoto na kasi ya plazma katika kila mahali na kila wakati.
4. Manyunyu ya chembe. Kwaki au gluoni ya mwanzo hugawanyika hatua kwa hatua. Katika kila hatua programu huuliza halijoto ya mahali ilipo, kisha huamua kama itagongwa, itatoa gluoni au itaendelea bila kuguswa.
5. Mwitikio wa plazma. Chembe zilizogongwa huondoka mahali pake na kuacha mawimbi nyuma ya jeti, kama mkondo unaoachwa na mtumbwi majini. Baadhi yake huishia ndani ya eneo linalohesabiwa kuwa la jeti.
6. Kuunda hadroni. Kwaki na gluoni zilizobaki huunganishwa kuwa hadroni, mara nyingi kwa modeli ya Lund, ambamo nguvu kali huchukuliwa kama uzi unaovutwa mpaka ukatike vipande vipande.
7. Uchambuzi. Hadroni hukusanywa upya kuwa jeti kwa algoriti ileile inayotumika kwenye vipimo halisi. Inayotumika zaidi ilichapishwa na Matteo Cacciari, Gavin Salam na Gregory Soyez mwaka 2008.

Hatua ya saba ina uzito kuliko inavyoonekana. Jeti si kitu kilichotolewa na maumbile kikiwa na mipaka yake. Mipaka hiyo huwekwa na algoriti. Uigaji na vipimo visipotumia mipaka ileile, ulinganisho hauna maana.

Programu mbalimbali

JEWEL, inayohusishwa hasa na Korinna Zapp, hutumia kanuni moja kwa manyunyu ya chembe ndani ya plazma na nje yake. Q-PYTHIA hubadilisha uwezekano wa kugawanyika kwa chembe uliomo katika PYTHIA. MARTINI hutumia nadharia ya Arnold, Moore na Yaffe. LBT hufuatilia jeti pamoja na chembe za plazma zilizogongwa. MATTER hushughulikia hatua ya mwanzo, wakati chembe bado ina msukumo mkubwa wa kugawanyika yenyewe. Modeli mseto, iliyochapishwa mwaka 2014 na Jorge Casalderrey-Solana, Krishna Rajagopal na wenzao, huacha jeti igawanyike kama katika ombwe, lakini hukokotoa nishati inayopotea kwa kanuni zilizotokana na nadharia ya nyuzi.

Kwa miaka mingi kila kundi lilitumia modeli yake ya plazma na mipangilio yake, hivyo ilikuwa vigumu kujua kama tofauti za matokeo zilitokana na fizikia au na maandalizi. Ili kuondoa tatizo hilo, mradi wa JETSCAPE ulianza mwaka 2016 kwa ufadhili wa Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, ukiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Programu yake ilitolewa kwa umma mwaka 2018. JETSCAPE huunganisha sehemu zinazoweza kubadilishwa: mtafiti anaweza kuondoa LBT na kuweka MARTINI huku plazma na kila kitu kingine vikibaki vilevile. Pia inaweza kukabidhi jeti kutoka modeli moja hadi nyingine kadiri nishati yake inavyobadilika.

Kulinganisha na vipimo

Kipimo kinachotumika zaidi ni uwiano unaoandikwa RAA. Huo ni idadi ya chembe au jeti zilizopatikana katika mgongano wa viini, ikigawanywa kwa idadi ambayo ingepatikana kama mgongano huo ungekuwa mkusanyiko tu wa migongano ya protoni. Katika migongano ya risasi iliyo ya uso kwa uso zaidi, LHC ya mwaka 2010 ilikuwa na takriban migongano 1,700 ya nukleoni kwa nukleoni ndani ya mgongano mmoja wa viini. Kama plazma haina athari, RAA huwa 1.

Katika RHIC uwiano wa pioni zenye momenta kubwa ulishuka hadi takriban 0.2. Katika LHC timu ya ALICE ilipata takriban 0.14 kwa chembe za momenta ya 6 hadi 7 GeV/c. Kwa jeti nzima za 100 GeV uwiano ni karibu nusu. Fotoni zinazotoka moja kwa moja katika mgongano mgumu hazipungui namna hiyo, kwa sababu hazina chaji ya rangi. Ndiyo maana jeti iliyozaliwa pamoja na fotoni ina thamani ya pekee: fotoni hutunza kumbukumbu ya nishati ambayo jeti ilianza nayo.

RAA husomwa vibaya kwa urahisi. Uwiano wa 0.5 haumaanishi kwamba jeti zimepoteza nusu ya nishati yake. Jeti za nishati kubwa ni chache sana kuliko za nishati ndogo, hivyo hasara ndogo hubadilisha hesabu sana. Chukua mfano ambao idadi ya jeti hupungua kwa kipeo cha 5 cha nishati. Kila jeti ikipoteza asilimia 10 tu ya nishati yake, idadi inayoonekana katika kiwango kilekile hushuka hadi 0.9⁴, yaani takriban 0.66. Theluthi moja ya jeti huonekana kama zimetoweka, ilhali zimesogea kidogo tu.

Mipaka ya uigaji

Ugumu wa kwanza ni kwamba jeti zinazohesabiwa ni zile zilizosalimika. Jeti zilizozaliwa karibu na ukingo wa plazma na kuelekea nje hupoteza kidogo na kuonekana. Zilizovuka katikati hupoteza sana na kushuka chini ya kiwango kinachochaguliwa. Anayepima jeti za 100 GeV bila kuzingatia hilo anapima zaidi zile zilizoguswa kidogo. Uigaji husaidia hapa kwa sababu ndani yake kila jeti inajulikana ilikozaliwa, njia iliyopita na kiasi ilichopoteza.

Ugumu wa pili ni kwamba modeli tofauti zinaweza kutoa RAA ileile kwa sababu zisizofanana. Kila modeli ina angalau kigezo kimoja kinachorekebishwa ili ilingane na data, na kulingana na kipimo kimoja hakuthibitishi kwamba fizikia iliyomo ni sahihi. Katika miaka ya 2000 modeli zilizolingana na data zilezile za RHIC zilitoa thamani za q̂ zilizopishana mara kadhaa. Mwaka 2014 kundi la JET lilichapisha ulinganisho uliofanywa kwa plazma ya aina moja, na kupata q̂ ya takriban 1.2 ± 0.3 GeV²/fm katika halijoto ya juu kabisa ya RHIC na 1.9 ± 0.7 GeV²/fm katika ile ya LHC, kwa kwaki ya 10 GeV. Baadaye JETSCAPE ilitumia takwimu za Bayes, ambazo hutoa thamani pamoja na kiwango cha kutokuwa na uhakika kwa kuzingatia data nyingi kwa pamoja.

Kwa hiyo modeli hujaribiwa kwa vipimo vingi kwa wakati mmoja: RAA, ulinganifu wa jeti pacha, umbo la ndani la jeti, na tofauti kati ya jeti zinazovuka upande mwembamba wa plazma na upande mpana. Modeli inayofaulu katika kimoja na kushindwa katika kingine hufundisha zaidi kuliko inayojaribiwa kwa kimoja tu.

Ugumu wa tatu ni wa kinadharia. Jeti yenye nishati kubwa huelezwa kwa hesabu za kukadiria hatua kwa hatua, lakini chembe zake zinapopoa hadi kukaribia halijoto ya plazma hesabu hizo hazifai tena. Mpaka kati ya jeti na plazma hufifia, na kila programu huuweka kwa namna yake.

Migongano ya viini vidogo imeongeza swali jingine, yaani plazma iwe kubwa kiasi gani ndipo jeti idhoofike. Julai 2025 LHC iligonganisha viini vya oksijeni kwa mara ya kwanza, na matokeo yake yanatumika kujaribu modeli zilizorekebishwa kwa data za risasi.

Ushiriki wa Afrika

Afrika Kusini ina mpango wa taifa wa ushirikiano na CERN ulioanza mwaka 2008, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town na iThemba LABS hushiriki katika ALICE, jaribio la LHC lililojengwa hasa kwa ajili ya migongano ya viini vizito.

Katika Afrika ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Rwanda kilikuwa mwenyeji wa Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi jijini Kigali mwezi Agosti 2016. Shule hiyo ilianza Stellenbosch mwaka 2010 na hufundisha wanafunzi wa nchi mbalimbali za bara hili, pamoja na mambo mengine, fizikia ya chembe na matumizi ya kompyuta katika sayansi. Tangu 2018 Kigali ina pia Taasisi ya Afrika ya Mashariki ya Utafiti wa Msingi, inayohusiana na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia.

Tofauti na vichapuzi vyenyewe, uigaji hauhitaji maabara kubwa ili mtu ajifunze. PYTHIA, JEWEL, FastJet na JETSCAPE zinapatikana bila malipo kwenye intaneti, na mgongano wa protoni kwa protoni unaweza kuigwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mkononi. Uigaji kamili wenye plazma, unaorudiwa kwa vigezo vingi, ndio unaohitaji vituo vikubwa vya kompyuta.

Tazama pia

- Plazma ya kwaki na gluoni
- Kwaki
- Gluoni
- Hadroni
- CERN
- Mbinu ya Monte Carlo